Kifurushi kimeongezwa, sauti bado inakatika

Kifurushi kimepandishwa, fedha zimelipwa, na bado picha ya mwalimu inaganda mdomo wazi kwenye tableti ya mtoto. Baba anailaumu kampuni. Mama anawalaumu watoto wakubwa wanaotazama katuni sebuleni. Mwanafunzi mwenyewe amepanda kwenye mkono wa kochi, kifaa kakinyanyua juu kichwani, kwa sababu amegundua kuwa pale ndipo mtandao "unakubali".

Familia nyingi zinazoishi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam zinaijua hali hii. Kinachowaponza wazazi ni kuanza na mfuko kabla ya uchunguzi. Mtandao ukiwa mzito, wanapiga simu huduma kwa wateja, wanashauriwa kuchukua kifurushi cha juu zaidi, wanakubali. Wiki moja baadaye mtoto yuko palepale juu ya kochi.

Intaneti hufika kwa mtoto kwa vipande viwili vya safari. Kipande cha kwanza ni kutoka kwa kampuni hadi kwenye ruta, iwe kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu iliyo ndani ya ruta. Cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, tableti au televisheni, na hapo ndipo waifai inapofanya kazi, yaani mawimbi ya redio yanayopita katikati ya kuta, makabati na watu. Kifurushi anacholipia mzazi kinahusu kipande cha kwanza tu. Kama kilichoziba ni cha pili, hata akilipia mara tatu hatapata nafuu.

Nyumba moja Upanga

Katika nyumba moja ya kupanga ghorofa ya nne, Upanga, shida hii ilikuwa na uzito zaidi ya katuni. Mtoto wa miaka minne amechelewa kuzungumza, na kila Jumamosi saa nne asubuhi hukutana kwa video na mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha kwa nusu saa. Wataalamu hao ni wachache nchini, na kwa familia hii njia ya video ndiyo iliyowezekana bila kusafiri. Mama hukaa naye sakafuni, chumbani, mlango ukiwa umefungwa, maana ndiko kwenye utulivu.

Mtaalamu anasema "samaki", mtoto anasikia "…maki". Anasema "sabuni", inafika "…buni", kisha kimya, kisha maneno matatu yanakuja kwa pamoja yakikimbizana. Mtu mzima hujazia mwenyewe pengo, kwa sababu neno analijua. Mtoto anayejifunza kutamka hana cha kujazia. Mbaya zaidi, mtandao ukidhoofika programu za video hupunguza ubora wa sauti, na sauti nyembamba kama ya herufi s huwa miongoni mwa zinazoharibika mapema. Kwa wiki tatu mfululizo mama aliandika kwenye daftari la maendeleo kwamba mwanawe "haitikii". Hakuna aliyefikiri kuandika kwamba mtoto hakuwa anasikia neno zima.

Baba aliamua kupandisha kifurushi kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20. Jumamosi iliyofuata, hali ilikuwa ileile.

Jumapili alikuja mjomba, kaka yake mama, anayefanya kazi ya kufunga kompyuta maofisini. Hakugusa mpangilio wowote wa ruta. Alichofanya ni kupima mara tatu kwa tovuti za bure za kupimia kasi, kama Speedtest na fast.com. Kwanza aliunganisha kompyuta moja kwa moja kwenye ruta kwa waya: megabiti 19. Kisha akatumia waifai akiwa amesimama mita moja tu kutoka kwenye ruta: 14. Mwisho akaenda chumbani anakokaa mtoto, akafunga mlango kama wanavyofanya siku ya kipindi: 1.6, na kipimo cha kupandisha, yaani kile kinachobeba picha na sauti kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtaalamu, kilikuwa hakifiki hata nusu megabiti.

Namba hizo zilimaliza ubishi wa mume na mke. Kampuni ilikuwa inaleta karibu kila ilichoahidi, na mzigo ulikuwa unapotea kati ya sebule na chumba. Kama kipimo cha waya kingekuwa 3 badala ya 19, hapo baba angekuwa na haki ya kupiga simu na kufoka.

Mzazi anayetaka kujipimia azingatie mambo mawili. Kipimo kimoja hakitoshi, apime asubuhi na tena saa tatu usiku, kwa sababu usiku jengo zima liko mtandaoni. Na anayetumia bando lenye kikomo akumbuke kuwa kila kipimo kinakula makumi, pengine mamia, ya megabaiti.

Inafaa pia kujua kinachohitajika hasa. Zoom inaeleza kuwa mazungumzo ya video ya watu wawili, kwa picha nzuri ya kiwango cha 720, yanahitaji kama megabiti 1.2 kwenda na kurudi. Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa filamu ya picha angavu ya kiwango cha 1080. Kwa hiyo megabiti 10 za mwanzo zilitosha kabisa kwa kipindi cha mtoto, laiti zingefika chumbani.

Kabati la bibi

Ruta yenyewe ilikuwa wapi? Ndani ya kabati la vyombo sebuleni, rafu ya chini, nyuma ya sufuria, imefunikwa kitambaa. Aliyeiweka ni bibi, mama yake baba.

"Shikamoo mama," alianza mjomba. "Hii ruta ni nani kaiweka huku?"

"Marahaba mwanangu. Nimeiweka mimi. Hiyo mionzi yake isimfikie mjukuu wangu. Wenzangu wametumiana kwenye simu, nimesikiliza kwa masikio yangu."

Ni rahisi kumcheka bibi, lakini hofu yake wanayo wazazi wengi wenye shahada, ila wao wanaificha. Wengine huizima ruta kila mtoto anapolala, wengine wameihamishia stoo. Jibu linalostahili ni la kitaalamu, si la dharau.

Ni kweli kwamba Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ujumbe mwingi wa sauti unaozunguka kwenye simu unaanzia hapo na kuishia hapo. Usichosema ni kwamba kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na haujathibitisha jambo, na kwamba humo humo imo dondoo la jani zima la alovera. Uamuzi ule ulitokana hasa na tafiti za watu waliotumia sana simu za mkononi, kifaa kinachobanwa sikioni. Haukutokana na ruta iliyo upande wa pili wa chumba.

Umbali una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila umbali kutoka kwenye ruta unapoongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi yanayomfikia mtu hubaki robo. Mwaka 2007 wakala wa kulinda afya wa Uingereza ulieleza kuwa mtu akikaa mwaka mzima mahali penye waifai, mawimbi anayopokea ni sawa na ya kuzungumza kwa simu ya mkononi dakika 20. Tena mawimbi haya si ya aina ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili, na athari yake inayojulikana vizuri ni kupasha joto, kwa viwango vilivyo juu mno kuliko vya ruta ya nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo bibi hakuambiwa. Ruta ikifichwa, tableti iliyo mapajani mwa mtoto haiachi kurusha mawimbi. Inarudia rudia kutuma kile kile kwa sababu hakikufika, na inatumia muda mrefu zaidi kumaliza kazi ileile. Kabati halikumkinga mjukuu. Lilikuwa linaichosha tableti yake, na kuifanya ruta ipate joto bila pa kupumulia. Ruta ikichemka hupunguza kasi au hujizima na kujiwasha yenyewe, jambo ambalo familia ile ilikuwa imeliona mara kadhaa na kulisingizia umeme.

Waliafikiana hivi: ruta iwekwe koridoni, juu ya rafu, usawa wa kichwa cha mtu mzima, nje ya chumba cha mtoto. Bibi aliridhika kwa sababu haiko chumbani. Mjomba aliridhika kwa sababu iko katikati ya nyumba na imeinuliwa. Bibi aliomba pia izimwe usiku, na hilo halikupingwa, ingawa faida yake iko kwingine. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Nyumba isiyo na waifai saa tatu usiku huwa haina mabishano ya kuzima katuni.

Ukuta, kioo na friji

Kwa nini kabati na kuta mbili zilimeza mtandao kiasi hicho? Maghorofa yetu yamejengwa kwa zege lenye nondo na tofali za saruji. Mawimbi ya waifai hupita kwenye mbao na kadibodi bila taabu kubwa, lakini zege hulidhoofisha sana, na chuma huyarudisha yalikotoka. Kioo kikubwa cha kabati la nguo kina utando wa chuma nyuma yake. Friji ni sanduku la chuma. Pipa la maji la akiba, ambalo karibu kila nyumba Dar inalo kwa sababu ya mgawo, hunyonya mawimbi vizuri sana. Ruta iliyowekwa nyuma ya televisheni, mtindo unaopendwa na mafundi kwa sababu nyaya hazionekani, imewekwa nyuma ya bamba la chuma.

Mafundi wa faiba nao wana lawama yao hapa. Wengi hutoboa pale waya unapoingilia, mara nyingi kona ya sebule karibu na varanda, wanaacha ruta hapohapo na kuondoka. Nusu ya waifai inahudumia hewa ya nje na jirani wa ng'ambo. Mzazi anayefungiwa mtandao kwa mara ya kwanza ana haki ya kumwambia fundi avute waya mita chache zaidi hadi katikati ya nyumba. Ni bora kuomba kabla hajapanda pikipiki.

Baada ya kuhama kabatini, kipimo cha chumbani kilipanda kutoka 1.6 hadi 11. Hakuna shilingi iliyotoka.

Ilibaki tatizo la jioni, ambapo kasi ilishuka tena hadi 4. Hapa ndipo majirani wanapoingia. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya mwendo mdogo na inatumiwa na karibu kila kitu: ruta zote za jengo, spika za bluetooth, hata jiko la maikrowevu, ambalo huchemsha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45 na kuvujisha kidogo. Mtandao unaokwama kila chakula kinapopashwa moto una maelezo hayo. Gigahezi 5 ina kasi na nafasi kubwa, ila inachoka haraka ikikutana na kuta.

Kwenye orodha ya simu majina hayo mawili huonekana tofauti, moja likiishia na "5G". Hapo wazazi wengi huingiwa na hofu au matumaini yasiyo na sababu. Hiyo "5G" ya kwenye ruta ni gigahezi 5, haihusiani na mtandao wa simu wa kizazi cha tano. Kwa mtoto aliye chumba cha jirani na ruta, hilo ndilo jina la kuchagua. Televisheni iliyo mbali au simu ya mlinzi wa getini itabaki kwenye 2.4.

Anayelazimika kutumia 2.4 anaweza kubadili chaneli. Katika masafa hayo chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, ndizo zisizoingiliana. Jengo la nyumba 20 lina ruta 20 zinazogombea njia tatu, na mara nyingi nyingi zimejazana kwenye moja. Zipo programu za bure za simu za Android zinazoonyesha ruta za jirani ziko chaneli gani. Mzazi achague iliyo tupu zaidi kati ya hizo tatu, asichague 3 au 8 akidhani amewakimbia wengine, kwa sababu atakuwa anavurugana na pande zote mbili. Mabadiliko hufanywa kwenye ukurasa wa ruta, na anwani yake, kwa mfano 192.168.1.1, huandikwa kwenye kibandiko cha chini pamoja na nywila ya kuingilia.

Nywila ya jengo zima

Akiwa kwenye ukurasa huo, mjomba alikuta vifaa 17 vimeunganishwa. Nyumba ina watu sita. Vilivyozidi vilikuwa vya binti wa jirani aliyeomba nywila siku ya mtihani, fundi wa kiyoyozi aliyeondoka mwaka jana lakini hurudi mara kwa mara kwenye jengo, na simu mbili ambazo hakuna aliyezitambua. Utu wetu wa Kiswahili unaona vigumu kumnyima mtu nywila, na si vibaya kuwa hivyo. Lakini vifaa kwenye waifai huongea kwa zamu, kimoja kimoja, na simu kuukuu iliyo mbali huchukua zamu ndefu huku wengine wakisubiri. Nywila ilibadilishwa, na wageni wakafunguliwa mtandao wao wa pembeni, kitu ambacho ruta nyingi zinacho bila malipo. Binti wa jirani bado anasoma.

Mwizi mwingine wa kasi alikuwa wa ndani: simu ya baba, inayopakia picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapopata waifai. Upakiaji huo huziba njia ya kupandisha, ileile inayobeba sauti ya mtoto kwenda kwa mtaalamu. Sasa Jumamosi saa nne simu hiyo huzimwa waifai kwa nusu saa.

Kwa wasio na faiba, wenye ruta za laini ya simu, mambo yanageuka kidogo. Ruta hiyo lazima kwanza isikie mnara, kwa hiyo dirishani ndiko kwake, upande ambao taa za nguvu ya mtandao zinawaka zaidi, hata kama si katikati ya nyumba. Inafaa kujaribu madirisha yote. Tofauti ya upande mmoja na mwingine wa ghorofa inaweza kuwa kubwa. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo navyo vina kikomo kilichoandikwa kwa herufi ndogo, na kasi hupunguzwa ukikivuka. Mtandao unaokuwa mzuri mwanzoni mwa mwezi na kufa kuelekea mwisho wake haudai ruta mpya.

Zipo siku ambazo kosa haliko nyumbani wala jengoni. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo kuhamisha ruta ni kupoteza nguvu. Lakini kama kipimo cha waya kiko chini wiki baada ya wiki, mzazi aandike tarehe, saa na namba, apige picha ya skrini, awasilishe kwa kampuni, na asiposikilizwa apeleke malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Malalamiko yenye tarehe na namba ni vigumu kuyajibu kwa "tunafanyia kazi".

Kuhusu vile vifaa vidogo vya kuongeza waifai vinavyouzwa Kariakoo, vina nafasi yake kwa nyumba ndefu, lakini hurudia kile kinachowafikia. Kikichomekwa chumbani ambako mtandao umeshakufa, kitarusha mtandao uliokufa kwa nguvu zaidi. Mahali pake ni katikati ya safari, ambako mawimbi bado ni mazuri. Na kwa shughuli moja muhimu ya mahali pamoja, kama kipindi cha tiba, waya wa mtandao wa mita 10 uliopitishwa ukingoni mwa ukuta hadi kwenye kompyuta ndogo unashinda vifaa vyote hivyo kwa uthabiti.

Familia ya Upanga huweka pia bando dogo kwenye simu ya mama, kwa ajili ya Jumamosi ambayo umeme unakatika dakika tano kabla ya saa nne. Mtaalamu ameomba kitu kimoja tu: mtandao ukianza kuyumba mama asizime kamera ya mtoto, kama wafanyavyo watu kwenye vikao vya kazi, kwa sababu anahitaji kuuona mdomo wake. Azime kwanza televisheni ya sebuleni.